Vitamini A kwenye sahani ya mtoto: namna ya kuipata kwa vyakula vyetu vya Mtwara na Lindi

Kila siku ya mizani, yaani ya kupima watoto uzito, hapa kwetu Mtama, maswali ni yale yale. "Karoti ni ghali, nimpe nini?" "Nampikia uji wa lishe, bado kuna kingine?" "Alipewa matone ya vitamini A mwezi wa sita, si tayari amepata?" Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, nimesimama chini ya mwembe na mtoto wa mtu mkononi, na karibu kila mara najibu nusunusu kwa sababu foleni inasubiri. Leo nayajibu yote kwa maandishi, ili mwenye simu amsomee na jirani yake.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko yote. Nyumba nyingi za huku kwetu hazina shida ya kukosa vitamini A shambani. Kisamvu kipo, matembele yapo, majani ya kunde na ya maboga yapo, mpapai umesimama nyuma ya choo. Shida iko kati ya sufuria na mdomo wa mtoto: tunampa ugali na mchuzi, majani tunakula wakubwa.

Maneno machache kabla ya kuwasha jiko

Vitamini A inatufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni retinoli, ambayo imeshakamilika na mwili unaitumia moja kwa moja. Hii iko kwenye vyakula vya wanyama: maini, kiini cha yai, maziwa yenye mafuta yake, dagaa wanaoliwa wazima. Ya pili ni karotini, hasa beta-karotini, rangi iliyomo kwenye majani ya kijani kilichokolea na kwenye matunda na mizizi ya rangi ya chungwa. Hii mwili lazima uigeuze kwanza, na kazi hiyo ina upotevu mkubwa: beta-karotini ya chakula maikrogramu 12 huhesabiwa sawa na retinoli maikrogramu 1. Ndiyo maana kijani cha kuonja hakitoshi, na ndiyo maana namna ya kupika ina uzito mkubwa.

Kwa viwango vya Marekani, ambavyo hutumika sana katika vitabu vya lishe, mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji maikrogramu 300 kwa siku, wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 400, mwanamke 700, mjamzito 770, mwanamume 900. Mama anayenyonyesha anahitaji 1,300, kwa kuwa sehemu yake inakwenda kwenye maziwa.

Kazi yake? Jicho kuona gizani. Kuziweka imara ngozi laini za ndani, yaani za koo, mapafu na utumbo, ambazo ndizo ukuta wa kwanza dhidi ya vijidudu. Kumkuza mtoto. Mtoto aliyepungukiwa akipatwa na surua au kuhara huumia kuliko mwenzake, na surua ikimkuta hivyo inaweza kumwachia upofu.

Nilielewa hili vizuri siku moja jioni kwa jirani yangu. Mwanawe alikuwa na miaka mitatu. Ikifika magharibi wenzake wakikimbizana uani, yeye anakaa kizingitini kimya. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu mpole kama babu yake." Nikamwekea kipande cha embe kwenye mkeka, karibu kabisa na goti lake la kulia. Mkono wake ukapapasa kushoto, ukapapasa mbele, ukarudi. Embe alilipata kwa harufu. Mchana yule mtoto alikuwa anaokota punje ya mchele chini bila shida. Tulimpeleka zahanati asubuhi yake.

Vitu vya kuwa navyo

- Kadi ya kliniki ya mtoto.
- Kinu na mchi, mbuzi ya nazi, chujio.
- Mafuta ya kupikia au nazi. Karanga, ufuta au korosho pia zinafaa.
- Kijiko cha chai na kijiko cha chakula, vya kupimia.
- Sahani au bakuli la mtoto peke yake. Usiliruke hili, nitaeleza sababu.
- Majani ya kijani ya aina yoyote, na kitu kimoja cha rangi ya chungwa kwa msimu uliopo.
- Wavu wa chandarua kikuukuu kilichofuliwa vizuri, au ungo, kwa ajili ya kukaushia mboga. Kama chandarua kiliwekwa dawa, acha, tumia ungo.

Karoti si lazima. Ukizipata, vizuri. Usipozipata, usimhurumie mtoto wako kwa hilo.

Hatua kwa hatua

1. Kumbuka sahani ya mtoto ya jana.

Usianze na mpango, anza na ukweli. Jana alikula nini asubuhi, mchana, jioni? Watu wengi wananiambia: chai na muhogo, ugali na mchuzi wa samaki, wali na maharage. Hakuna ubaya katika vyakula hivyo, lakini ugali wa mahindi meupe, ugali wa makopa, wali, muhogo mweupe na ming'oko karibu havina vitamini A kabisa. Kiazi kitamu cheupe vilevile. Kama katika siku nzima hukumbuka hata kitu kimoja cha kijani kilichokolea, cha rangi ya chungwa, wala yai, hiyo ndiyo nafasi ya kujaza.

2. Chagua kitu kimoja cha kila siku kwa msimu uliopo.

Kimoja tu. Ukijipangia vitano utachoka wiki ya kwanza. Mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Aprili au Mei, majani yamejaa: majani ya kunde, maboga, mchicha, matembele, mlenda. Embe bivu hushuka kuelekea mwisho wa mwaka. Maboga hukomaa mvua zikielekea kuisha, na boga lenye nyama ya rangi ya chungwa ni bora kuliko la nyama nyeupe. Kiangazi kisamvu na mlonge ndivyo vinavyotuokoa, kwa sababu mizizi yao huenda chini na majani hayaishi. Papai lipo karibu mwaka mzima.

Niseme kuhusu matunda, maana hapa tunajidanganya kidogo. Papai bivu gramu 100 hutoa maikrogramu zipatazo 50 tu, na embe zima hutoa kama 110. Ni nzuri, mpe, lakini kipande kimoja cha papai si kazi iliyokwisha. Mboga za kijani kilichokolea na viazi lishe ndiyo nguzo.

3. Pika majani mpaka yalainike, usiyaue.

Nitumie kisamvu, kwa kuwa ndicho mboga yetu. Chuma majani machanga ya juu, ondoa vikonyo, osha, twanga mpaka yawe laini kabisa. Kule kutwanga kuna faida mbili. Karotini imefungiwa ndani ya kuta za jani, na mchi unazivunja. Pia majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga kunaanza kuitoa. Kisha chemsha sufuria ikiwa wazi, ili sumu iondoke na mvuke, mpaka maji yapungue na harufu ya ubichi iishe. Kisamvu cha kuchemshwa juujuu bila kutwangwa usimpe mtoto hata kidogo, hasa kama shamba lako lina mihogo michungu.

Maji yakikaribia kukauka, tia tui jepesi, koroga, acha lichemke. Tui zito la kwanza weka mwisho, moto mdogo, dakika chache. Tazama uso wa sufuria wakati huo. Utaona vidoa vya mafuta vikianza kuelea, na badala ya kuwa vyeupe vinakuwa vya kijani-njano. Rangi ya majani imehamia kwenye mafuta, na karotini imo humo. Ukifika hapo, ipua.

Mchicha, matembele na majani ya kunde hayahitaji muda wote huo. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, sufuria ikiwa na mfuniko.

Angalizo: wengi wameambiwa kwamba wakimwaga maji ya kuchemshia mboga, wamemwaga vitamini A. Si hivyo. Vitamini A haiyeyuki kwenye maji. Inaondoka kwa moto wa muda mrefu, hewa na jua. Kinachoondoka na maji ni vitamini C na foleti, kwa hiyo bado ni vizuri kutoyamwaga. Ila mboga uliyoichemsha saa moja na nusu ukijisifu kwamba maji hukumwaga, hiyo umeiharibu kwa njia nyingine.

4. Hakikisha kuna mafuta kwenye mlo huohuo.

Hii ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote, na ndiyo ningekuomba uishike kama ungeweza kushika moja tu. Karotini haiingii mwilini bila mafuta. Mtoto anayekula mlenda wa maji na chumvi, bila mafuta yoyote, anapitisha sehemu kubwa ya karotini tumboni na kuitoa hivyohivyo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye sahani yake kinatosha. Tui linafanya kazi hiyo. Karanga zilizosagwa, ufuta uliotwangwa au korosho zilizosagwa zinafanya kazi hiyo pia. Mtu wa Newala au Tandahimba mwenye korosho zilizovunjika, zile ambazo hazipati bei, asizidharau. Azisage, azitie kwenye mboga ya mtoto.

Nazi yenyewe haina vitamini A, wala korosho. Zinabeba tu. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na mama anayempa mtoto tui kwenye wali akiamini amemaliza.

Angalizo: mtoto mdogo usimpe karanga wala korosho nzima. Zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Saga au twanga kila mara.

5. Mpakulie mtoto majani yenyewe, kwenye sahani yake.

Tunapokula wote kwenye sinia, mkono wa mtoto wa miaka miwili haushindani na mkono wa kaka yake wa miaka kumi. Yeye anachovya tonge kwenye mchuzi. Mchuzi una ladha, majani yamebaki katikati ya bakuli. Basi mpakulie kwanza, kabla sinia halijafika mkekani: vijiko viwili vya chakula vya majani yaliyopikwa kwa mtoto wa mwaka mmoja, vitatu au vinne kwa mkubwa zaidi. Kama majani ni marefu, yakate madogo au yaponde kwa mwiko, kwa sababu mtoto huyatema akiona uzi. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopotezea, kuliko sokoni na kuliko shambani.

6. Ingiza kiazi lishe kwenye uji.

Kiazi lishe ni kile kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa. Mbegu kama Kabode, Mataya, Ejumula na Kiegea zimesambazwa hapa nchini. Kiazi cha gramu 125 hivi, chenye rangi iliyokolea, kinatosha mahitaji ya siku nzima ya mtoto wa chini ya miaka mitano. Sijui chakula kingine cha shambani chenye nguvu hiyo kwa bei hiyo.

Chemsha na maganda yake, sufuria ikiwa imefunikwa. Kikiiva, menya, ponda kwa uma, changanya kwenye uji ulioiva, ongeza kijiko cha chai cha mafuta au karanga za kusaga. Kama hakuna kiazi lishe, boga la rangi ya chungwa linafanya vizuri.

Sasa kuhusu unga wa lishe. Mchanganyiko wetu wa kawaida ni mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga. Unatia nguvu na unajenga mwili, lakini ukiangalia orodha hiyo tena hutaona kitu cha kijani wala cha rangi ya chungwa. Kwa vitamini A, mkono wake ni mtupu. Endelea nao, ila usiuache peke yake.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahusiki na hatua hii. Yeye ni maziwa ya mama tu, na yale ya mwanzo, ya njano, yana vitamini A nyingi sana. Ukiambiwa uyakamue uyamwage kwa kuwa ni machafu, kataa kwa adabu.

7. Vyakula vya wanyama: kidogo, kwa kujua.

Yai moja lina maikrogramu zipatazo 75. Dagaa wanaoliwa na kichwa na tumbo ni bora kwa vitamini A kuliko mnofu mweupe wa samaki mkubwa, kwa sababu vitamini A ya samaki iko zaidi kwenye ini na macho. Kwa hiyo unapowaandaa dagaa wa mtoto usiwakate vichwa. Waoshe, wakaange kidogo, wasage.

Maini ndiyo yenye nguvu kuliko vyote. Gramu 85 za maini ya ng'ombe zina zaidi ya maikrogramu 6,500. Mtoto akipata kipande cha ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, kilichoiva vizuri, mara moja kwa wiki au hata kwa wiki mbili, mwili wake unaweka akiba kwenye ini lake mwenyewe. Kwa desturi yetu kuku akichinjwa, firigisi na maini vinakwenda sahani ya baba. Baba mwenye kumpenda mwanawe amkatie kipande. Msimu wa korosho, pesa zikiingia, nunueni robo ya maini kabla ya kitenge.

Maangalizo matatu, na haya nayasema kwa uzito:

Mjamzito asile maini mara kwa mara, hasa miezi mitatu ya kwanza. Retinoli ikizidi inaweza kumharibu mtoto tumboni. Majani na viazi lishe ale bila hofu, karotini haina madhara hayo.

Maini ya samaki wakubwa yaacheni. Ya bunju yanaua, na pwani yetu yote watu wanalijua hilo, lakini watoto wanaookota samaki ufukweni hawajui.

Sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa majahazi hupaka mbao, si dawa ya kunywesha. Kweli yana vitamini A, lakini hakuna anayeweza kukuambia kijiko kimoja kina kiasi gani. Nimeulizwa swali hili Mikindani na nimeulizwa Kilwa, jibu langu ni lilelile: yabaki kwenye chombo.

8. Peleka mtoto kwenye matone, Juni na Desemba.

Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto hufanyika mara mbili kwa mwaka. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge cha bluu chenye vizio 100,000 (kizio ni kipimo cha vitamini, huandikwa IU), wa miezi 12 hadi 59 hupewa chekundu chenye vizio 200,000. Mhudumu hukata ncha na kumkamulia matone mdomoni. Mtoto hamezi ganda. Hapohapo wa kuanzia mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo.

Nenda na kadi, hakikisha imeandikwa kabla hujaondoka. Kama umehama, au mtoto alipewa dozi mahali pengine ndani ya mwezi uliopita, sema. Usione aibu kumwambia nesi, "Huyu alishapata wiki mbili zilizopita." Akizidishiwa anaweza kutapika, kuumwa kichwa, na kwa mtoto mchanga utosi unaweza kuvimba.

Na lile swali: akipata matone, chakula cha nini? Dozi ile inawekwa kama akiba na inapungua mwezi baada ya mwezi. Chakula ndicho kinachoijaza kila siku.

9. Mafuta ya dukani: angalia na chupa.

Mafuta ya kula yanayotoka viwandani yanatakiwa kisheria kuongezwa vitamini A hapa Tanzania, tangu kanuni za mwaka 2011. Soma lebo, utaona imeandikwa. Mafuta ya alizeti au ufuta yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo mtaani kwa kawaida hayajaongezwa, ingawa yanafaa kabisa kwa hatua ya 4. Vitamini A iliyomo huharibiwa na mwanga. Ile chupa ya plastiki iliyopangwa juani mbele ya duka tangu asubuhi hadi jioni, mimi siinunui. Nyumbani weka kabatini au funika na kitambaa.

10. Kausha mboga za kiangazi, kivulini.

Kuanzia Juni majani yanaanza kuwa adimu, na watu wa uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji yenyewe ni ya kutafuta, wanalijua hili kuliko mimi. Mboga ikaushwe Aprili na Mei, ikiwa bado ipo. Chuma asubuhi, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, toa, chuja. Tandaza tabaka jembamba juu ya ungo au wavu, chini ya paa, mahali penye upepo. Geuza mara mbili kwa siku. Siku mbili tatu zinatosha. Jani likivunjika kwa sauti mkononi, limekauka. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pa giza.

Tunachokosea ni kuanika juu ya bati, jua la saa saba. Inakauka haraka, lakini jua linakula karotini, na mboga inatoka kahawia kama tumbaku. Iliyokaushwa kivulini inabaki na ukijani wake, na ukijani huo ndio kipimo chako. Majani ya mlonge hukaushwa vivyo hivyo, kisha husagwa. Kijiko kimoja cha unga wake huwekwa kwenye mboga ya mtoto mwisho wa kupika. Kisamvu kikikaushwa bado kinahitaji kupikwa kikamilifu.

Rangi zinazodanganya

Nyanya ni nyekundu, tikiti ni jekundu, watu wanadhani ndiyo yenyewe. Wekundu ule ni likopini, na mwili hauwezi kuigeuza kuwa vitamini A. Nyanya ina kiasi kidogo tu. Binzari ya manjano kwenye pilau ni rangi nyingine kabisa, haina kitu hapa. Juisi ya unga ya rangi ya chungwa ni sukari na rangi.

Mambo yakienda kombo

Mtoto anakataa majani. Ponda ndani ya wali wa nazi au viazi, kiasi kidogo, siku kumi mfululizo bila ugomvi. Ladha ngeni huzoewa kwa kurudiwa. Usimchape.

Anakula vizuri lakini bado ni dhaifu, tumbo kubwa. Fikiria minyoo, na kuhara kusikokwisha. Utumbo ulioharibika haunyonyi mafuta, na bila mafuta karotini haiingii. Mpeleke apimwe.

Viganja na nyayo vimekuwa vya njano. Tazama weupe wa macho mchana, kwenye mwanga. Ukiwa bado mweupe na mtoto anacheza, ni karotini nyingi ya viazi lishe au maboga imejipaka kwenye ngozi, haina madhara na itapotea ukipunguza. Macho yenyewe yakiwa ya njano, hiyo ni habari ya ini, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mtoto ana surua. Usisubiri Desemba. Vitamini A ni sehemu ya matibabu ya surua: dozi mbili, leo na kesho, kwa kipimo cha umri wake. Ulizia kwa jina.

Haoni magharibi, anajikwaa, anapapasa chakula. Au kwenye weupe wa jicho kuna doa kama povu la sabuni lililokauka. Nenda leo. Hupewa dozi siku ya kwanza, siku ya pili, na nyingine baada ya wiki mbili, na kuona kwa usiku mara nyingi hurudi ndani ya siku moja au mbili. Yule wa jirani yangu alirudi kukimbizana na wenzake wiki ileile, na mama yake hajasema tena kwamba ni mpole.

Jicho limekuwa na ukungu, au kioo cha jicho kimekauka na kina kidonda. Hapo ni saa, si siku. Usitie maji ya majani, usitie maziwa, usitie dawa ya mtu. Funika kwa kitambaa safi bila kukandamiza, na ondoka kwenda hospitali.

Hupati mbegu ya viazi lishe. Muulize ofisa kilimo wa kata. Ukipata marando, kata vipande vya sentimita 30, fukia theluthi mbili ya kila kipande kwenye tuta, nafasi ya sentimita 30 kati ya kipande na kipande, mvua zikishashika. Baada ya miezi mitatu hadi mitano unachimba. Kosa kubwa ni kula viazi vyote na kuacha marando yafe kiangazi, halafu Desemba unaanza upya kuomba. Panda machache pale maji ya bafuni yanapotokea, yatavuka kiangazi yenyewe. Yangu yako nyuma ya bafu, upande wa migomba. Aliye karibu aje na panga na mfuko, achukue.